Walimwambia Habari Zake

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu. Somo la juma hili ni Marko 1:29-31, aya tatu tu, ambazo kwa miaka mingi nilizisoma harakaharaka kwa kuwa nilizihesabu kuwa muujiza mdogo: mkwewe Simoni yu kitandani kwa homa, Bwana anamshika mkono, homa inamwacha. Tangu nianze mafunzo ya uuguzi yanayonipasa kuwatembelea wateja majumbani mwao, nimekuwa nikikwama mahali ambapo zamani nilipapita. Marko anasema kwamba Yesu alipoingia, walimwambia habari za yule mama. Yeye ajuaye yote aliingia nyumbani mwa watu, akakubali kuambiwa.

Mimi sikuwa tayari kuambiwa. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mwenye shinikizo la juu la damu, na katika jalada lake nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba hafuati maelekezo ya dawa. (Chuoni tunafundishwa kusema "mteja" badala ya "mgonjwa", ili tukumbuke kwamba mtu ana hiari yake, nakiri kwamba nilibadilisha neno kabla sijabadilisha moyo.) Tulipofika kwake, mkufunzi wangu alibisha hodi, akangoja, akauliza tukae wapi. Alitandika kitambaa safi chini ya mkoba, akanawa mikono kabla ya kuufungua, kisha akafanya jambo ambalo halimo katika daftari langu lolote: alinyamaza. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa mashine ya kupimia presha pamoja na maswali yangu kumi.

Katika ukimya ule mzee akaleta kopo lake la dawa. Vidonge vya aina ya kwanza vilikuwa vimepungua kama inavyotakiwa, lakini vile vya kupunguza maji mwilini vilikuwa karibu vyote vimebaki. Akaeleza kwa sauti ya chini, huku akiutazama mlango ambao nyuma yake alikuwapo mke wa mwanawe, kwamba akivimeza jioni huamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, kwamba njia ya chooni ina giza na ngazi mbili, kwamba amekwisha kuanguka pale mara moja, na kwamba kumwamsha binti wa watu kila usiku amshike mkono ni aibu asiyoiweza. Wakati wa kutoka nilizitazama zile ngazi. Ni fupi, wala jaladani hapakuwa na mahali pa kuziandika.

Mkufunzi hakumkaripia. Alishauriana na daktari, na kidonge kile kikahamishiwa asubuhi, jambo la kawaida kabisa kwa dawa za namna hiyo, ambalo mimi nilikuwa nimelijibu sawasawa katika mtihani.

Simaanishi kwamba kuambiwa habari za nyumba ya mtu ni kazi nyepesi. Mwaka 1859, katika mji wa Liverpool huko Uingereza, mfanyabiashara William Rathbone, aliyekuwa amefiwa na mkewe, alimwajiri Mary Robinson, muuguzi aliyemtunza marehemu, ili kwa miezi mitatu awauguze maskini majumbani mwao. Baada ya mwezi mmoja alirudi akilia na kuomba aachiliwe, kwa kuwa taabu aliyoiona ilimzidi nguvu. Rathbone alimsihi amalize muda wake, naye alipoumaliza hakutaka tena kurudi kwenye kuuguza watu wenye uwezo. Machozi yale nayaelewa kuliko ninavyouelewa uamuzi uliofuata.

Luka, ambaye mapokeo yanamhesabu kuwa tabibu, anataja kwamba homa ilikuwa kali, na kwamba Bwana aliikemea. Marko hataji ukali wa homa, anataja mkono. Kisha wote wawili wanamaliza kwa namna moja, kwamba mama yule akawatumikia wageni wake, nami zamani niliona si haki mtu aliyetoka kuugua muda ule ule kuinuka na kuhudumia.

Katika ziara ya tatu tulimkuta mzee ametangulia kutandika kitambaa chake mwenyewe kwa ajili ya mkoba wetu, na kiti changu amekisogeza karibu na dirisha. "Kaa hapa, mwanangu," akaniambia, "penye mwanga, upate kuandika vizuri."