Ada ya shule ya mbwa Nairobi: zidisha mara ishirini

Kuna watu huko nyumbani Tanzania hawakubali kwamba Nairobi ni ughaibuni. Unavuka Namanga asubuhi, jioni unakula chapati mtaa wa Ngara, Nairobi, ughaibuni gani huo? Haya. Nisomeeni basi ujumbe ulioingia kwenye simu yangu juzi: mafunzo ya mtoto wa mbwa, vipindi sita, kila Jumamosi dakika hamsini, shilingi 14,000. Za Kenya. Zidisheni mara ishirini wenyewe, mimi nimekataa. Na chini kabisa wameongeza: nyama za kumtuza mbwa mje nazo.

Bado sare tu. Mbwa wa kwetu Tanga anaitwa Simba, mchana kafungwa chini ya mwembe, usiku anafunguliwa, anakula ukoko na vichwa vya samaki, na hakuna aliyewahi kumlipia ada. Ni kweli. Lakini mnajua pia kwamba mgeni akija kwetu anapiga hodi akiwa na jiwe mkononi.

Kwa hiyo nitasema jambo linaloniuma mfukoni: darasa zuri la papi (ndivyo wanavyomwita huku) linastahili hela hiyo, na darasa baya hata la bure usiende. Tabu ni kuyatofautisha. Daktari wa wanyama ana bodi yake, jina lake unaweza kuliulizia. Mkufunzi wa mbwa anahitaji bango, fulana yenye picha ya mbwa na namba ya kulipia. Hapo kinachobaki ni macho yako.

Anza na umri wanaoupokea. Mtoto wa mbwa, kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne, anapokea vitu vigeni kirahisi: bodaboda, mwavuli, mtu wa kofia ngumu, mama wa buibui, mtoto anayekimbia na kupiga kelele. Anachokutana nacho kwa amani wakati huo hukiona cha kawaida. Umri huo ukipita, kigeni huanza kuwa adui, na kumfundisha upya kunachukua miezi. Sasa mkufunzi akikuambia "mlete akifika miezi mitano, akishamaliza chanjo zote," ujue kazi yenyewe haijui. Utalipa kufundisha kukaa na kusimama, basi.

Wenye hofu ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, wana haki. Kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na papi akiugua kuhara damu unaweza kumpoteza kwa siku chache. Lakini hesabu ya hatari hiyo imeshafanywa. Chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani, AVSAB, kiliandika mwaka 2008 kwamba papi anaweza kuanza darasa akiwa na wiki saba au nane, mradi awe amechomwa chanjo ya kwanza angalau siku saba kabla, amepewa dawa ya minyoo, na aendelee na ratiba. Ratiba ni kuanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita. Kinachofanya irudiwe ni kinga aliyonyonya kwa mama, ambayo huizima chanjo, na hakuna ajuaye siku itakayoisha kwa papi wako. Ya kichaa cha mbwa ni akifika miezi mitatu, halafu kila mwaka.

Maana yake darasani ni moja: getini mtu aombe kadi ya chanjo, aifungue, asome tarehe. Asiyeulizwa kadi ageuze gari hapo hapo, kwa sababu na wenzake hawakuulizwa.

Tazama na sakafu. Inayofaa ni ya kuoshwa, yenye mikeka ya mpira. Vigae vitupu vinateleza, na papi akiteleza mara mbili mahali hapo anapachukia. Bustani ya wazi wanapopita mbwa koko ndipo parvo inapookotwa, hata kama nyasi zimekatwa vizuri. Msitu wa Karura mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba, ila wa kwako asubiri amalize sindano. Papi akijisaidia ndani, utaratibu ni kuzoa, kuosha kwa sabuni, ndipo jiki iliyochanganywa na maji imwagwe na kuachwa imelowa dakika kumi. Uchafu ukibaki, jiki inaishia kupambana na uchafu. Msaidizi anayepulizia juu ya kinyesi na kufuta papo hapo anafanya maigizo.

Kisha omba kuhudhuria kipindi kimoja bila mbwa. Wakikataa, umeshajibiwa.

Ukiwa umekaa pale pembeni, hesabu vichwa. Mwalimu mmoja kwa papi sita inatosha, wakizidi nane lazima awe na msaidizi anayejua kazi. Tazama kama zoezi linakwenda dakika mbili tatu, wanapumzika, linaanza jingine. Papi waliopangwa mstari dakika ishirini kama gwaride la Jamhuri hawajifunzi chochote ila kubweka.

Sikiliza mwalimu anaongea na nani. Wa kweli anaongea na watu, maana mbwa ataishi na watu. Yule anayekunyang'anya kamba, mbwa wako anakaa, analala, anageuka, wote mnapiga makofi, halafu anakurudishia, huyo mmemlipa kwa mazingaombwe. Mkifika nyumbani mbwa hakujui.

Mfano wa kukaa, kwa kuwa ndilo zoezi wote wanalofundisha. Kipande cha ini la kuku lililochemshwa, nusu ya punje ya hindi, kisizidi hapo, kwa sababu atakula vingi. Kinawekwa puani, kinapandishwa pole pole kuelekea katikati ya masikio. Kichwa kikienda juu, makalio yanashuka. Kinatolewa makalio yakiwa bado chini. Ukichelewa ukampa wakati anainuka, umemlipa kuinuka, na wengi hukosea hapo hapo, wanamlaumu mbwa. Baada ya mara tatu nne mkono unakwenda uleule ukiwa mtupu, na malipo yanatoka mfukoni. Darasa ambalo wiki ya tatu watu bado wanapunga maini hewani limefundisha mbwa kufuata maini.

Hayo yote, hata hivyo, mwalimu wa wastani anaweza. Kipimo changu ni yule papi aliye chini ya kiti.

Hakosi. Katika papi sita, mmoja atakuwa amejibana nyuma ya miguu ya mwenyewe, mkia umeingia tumboni, anajilamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, weupe wa jicho unaonekana. Akipewa ini anageuza uso. Hiyo ya kukataa chakula ndiyo kubwa: papi mwenye afya anayekataa ini la kuku amezidiwa na woga, na wakati huo hakuna somo linaloingia. Sasa mtazame mwalimu. Mbaya atasema "mtoeni, azoee," atamvuta kwa kamba mpaka katikati, wenzake wamrukie. Papi ataacha kuhangaika, atalala kimya, na mwalimu atasema mnaona, ametulia. Hajatulia. Amekata tamaa, na alichojifunza ni kwamba mbwa wengine ni balaa na mwenye kamba hamwokoi.

Mzuri atafanya kitu kinachoonekana kama si kazi. Atawasogeza mtu na mbwa wake mpaka kona ya mbali, ataweka kiti na khanga au kipande cha boksi kuwa kizuizi, ataacha upenyo wa kuchungulia. Vipande vitatupwa sakafuni kwa upande wa nyuma yake, ili kula kwenyewe kumpe nafasi ya kujitenga. Hatamgusa. Dakika kumi baadaye papi anakula, dakika ishirini anachungulia, wiki ijayo anatoka mwenyewe. Nimekereka na bei za Nairobi kwa mambo mengi, ila anayejua kufanya hivyo namlipa bila kunung'unika. Sawa, nitanung'unika kidogo.

Mchezo nao una kipimo chake. Papi mmoja anamwangusha mwenzake kila mara: mwalimu amshike huyo wa juu kwa sekunde chache. Wa chini akirudi mwenyewe kumchokoza, walikuwa wanacheza. Akikimbia, alikuwa anaonewa, watenganishwe. Kuwafungulia wote sita kwa pamoja "wacheze" huku watu wazima wanapiga picha, huko ni kufundisha wakubwa ubabe na wadogo woga.

Ukiona mnyororo wa kukaba, mkanda wa miiba au wa umeme, au mtu anamlaza papi chali na kumkandamiza ili "ajue nani mkubwa," ondoka, hata kama umeshalipa. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma anaacha kunguruma. Woga unabaki palepale. Siku ya siku anang'ata bila hodi, na mara nyingi anayeng'atwa ni mtoto wa jirani. Na hilo liulize: mtu aking'atwa hapa darasani mnafanyaje? Jibu linalotakiwa ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kwenda hospitali siku hiyohiyo, na kutoa kadi ya chanjo ya mbwa. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa kichaa cha mbwa vinatokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Anayecheka swali hilo hafai kushika hata kamba.

Najua mtakachosema: mbwa akisomeshwa hivi si atakuwa mlegevu, mwizi aingie amkute anasubiri ini? Nairobi nusu ya mageti yana kibati cha "Mbwa Kali" (mkali, ndugu zangu, mbwa mkali, ngeli mmeiweka wapi?) na wengi wa hao mbwa si wakali, wana hofu. Anayeogopa kila kitu anabweka kila dakika, na askari anazoea kumpuuza. Mbwa aliyezoeshwa mji anajua muuza mboga ni muuza mboga. Akibweka saa tisa usiku, watu wanaamka. Ulinzi utakuja wenyewe akikomaa.

Muulize pia nani anaruhusiwa kuhudhuria. Huku mwenye mbwa anaondoka saa kumi na mbili asubuhi kukimbia foleni, anayeshinda na mbwa ni dada wa kazi na askari wa getini. Darasa linalomkaribisha tajiri peke yake linafundisha mtu wa Jumamosi. Halafu maneno: bosi anasema "sit", dada anasema "keti", askari "kaa chini", na mwalimu akitaka mbwa aje anasema "kuja!" Kuja! Kiswahili kina "njoo" tangu enzi za mababu, na mbwa wangu hataitwa "kuja" kwa shilingi 14,000. Lakini kwa mbwa neno lolote ni sawa, hata la Kichina, mradi liwe moja na nyumba nzima ilitumie. Mwalimu makini anawaandikisha maneno hayo kwenye karatasi siku ya kwanza, mkayabandike jikoni.

Kazi ya nyumbani iwe fupi: dakika tatu, mara tatu kwa siku. Iwemo kushikwa masikio, makucha na kinywa, kuachia kitu kwa kubadilishana na kizuri zaidi, kuja akiitwa, na kusubiri geti linapofunguliwa kwa ajili ya gari. Kwa Nairobi hilo la geti ningeliweka la kwanza. Jenereta na wale ndege kwarara wanaopiga kelele alfajiri wanazoeshwa kwa mbali, sauti ndogo, chakula mkononi.

Mnaopanga kuhamia huku, mawili. Nyumba za ghorofa nyingi hazitaki mbwa, na dalali atakuambia "hakuna shida" mpaka uhamie, kwa hiyo ruhusa iwe kwenye mkataba. Pili, msibebe papi kutoka nyumbani. Mpaka awe na kibali cha mamlaka ya mifugo, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo anasubiri miezi mitatu ndipo achomwe, ule umri wa kuzoea vitu umeshakwisha njiani Longido. Njooni mikono mitupu, mumchukue hapa. KSPCA, chama cha Kenya cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilichoanza 1910, wanatunza mbwa waliookolewa, kwao wapo wa kila rangi, na mbwa wa mtaani akisomeshwa anasoma kama wengine.

Kuhusu ada, ombeni kulipa kipindi kimoja kimoja. Wakikataa kabisa, lipeni nusu, na wiki ya pili mtazameni papi mnapofika getini. Akiivuta kamba kwenda ndani, malizieni. Akikaza miguu, rudini nyumbani naye, na nusu iliyobaki mnunulie maini.