Vipimo vya uwanja wa kuona vilishuka ghafla, kumbe mboni

Naweka hapa maana imenisumbua kweli. Mzee mmoja wa presha ya macho, kila tukimpima uwanja wa kuona (eneo lote jicho linaloona likitazama mbele tu) karatasi ya majibu inatoka na kijivu kotekote, yaani haoni vizuri, desibeli (hapa ni kipimo cha uwezo wa jicho kuona mwanga hafifu) zimeshuka macho yote mawili sawasawa, wakati presha yenyewe imetulia na mshipa wa fahamu wa jicho uko vilevile. Tukarudia asubuhi akiwa hajachoka, wapi. Tukabadili lenzi, tukafuta bakuli la mashine, tukaongeza giza chumbani, bado.

Kilichonishtua ni kinamba kidogo pembeni ya karatasi: kipenyo cha mboni mm 2. Karatasi ya zamani ilikuwa 4 na kitu. Katikati hapo alianzishiwa pilokapini, dawa ya matone ya presha ya macho, na hiyo dawa inabana mboni. Sasa piga hesabu, mwanga unaofika retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) unafuata eneo la mboni, so mboni ya mm 2 inapitisha robo tu ya ile ya mm 4, mashine inadhani jicho limepoteza uwezo kumbe taa tu ndo haijafika.

Nilichofanya: kwanza kuhakikisha pembe ya jicho, yaani njia ya kutokea maji ya ndani ya jicho, iko wazi (hii usiruke, mboni ikipanuka kwenye pembe finyu presha inaweza kupanda vibaya), halafu matone ya tropikamaidi ya kupanua mboni, tukasubiri kama nusu saa mboni ikapita mm 4, tukamuwekea lenzi kamili ya karibu maana dawa inalegeza fokasi, ndo tukapima. Kijivu chote kikaondoka, kikabaki kidoa kilekile cha zamani, sehemu ya juu ya uwanja wa kuona upande wa pua. Sasa mboni tunaipima kabla ya kila kipimo na tunalinganisha karatasi za mboni zinazokaribiana tu.