Kizibo namba 14

Jumamosi iliyopita, soko la Mlango Mmoja, Mwanza, chini ya lundo la sufuria za mitumba, nimepata chupa ya kioo ya kumiminia divai. Kitako kipana, shingo nyembamba, ubavu umechongwa kwa mkono. Muuzaji alianzia 20,000. Nikamwonyesha ukungu uliomo ndani na kizibo kilichoganda, akashuka hadi 12,000.

Nimepitisha kidole chini ya kitako: kuna kovu la duara lililosagwa, pale ilipobanduliwa fimbo ya chuma iliyoishikilia chupa ikiwa bado moto. Mstari unaoachwa na kalibu, chombo cha kuundia, hakuna. Na ni nzito mno kwa umbo lake, kwa hiyo nahisi ni kioo cha risasi, yaani kilichochanganywa na madini ya risasi, aina ambayo George Ravenscroft aliipatia hataza (haki ya mvumbuzi) Uingereza mwaka 1674.

Kizibo kimenisumbua siku tatu. Kila usiku matone ya mafuta ya alizeti kuzunguka mdomo, asubuhi kitambaa cha maji ya uvuguvugu shingoni ili ipanuke kidogo, kisha kugonga polepole kwa mwiko, upande huu, upande ule. Mama alipita akaguna, "Mwanangu, chupa tupu unaihangaikia hivyo?" Siku ya tatu kikatoka.

Ukungu nimeutia siki na konzi ya chenga za mchele, nikatikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Sehemu kubwa ilikuwa chokaa ya maji, imeondoka. Umebaki mduara mweupe karibu na kitako. Hapo kioo chenyewe kimeliwa, siki haisaidii tena.

Mama sasa anaipenda, anataka kuwekea juisi ya ukwaju kwenye friji. Nimemwomba radhi: uchachu ukikaa humo unavuta risasi, nayo ni sumu.

Jana usiku, nikiwa na tochi, ndipo nilipoona. Zamani kila kizibo kilisagwa kiingie shingo yake tu, na mafundi wakachora namba pande zote mbili visichanganyike. Shingo ya chupa yangu ina 7. Kizibo kina 14. Kumbe ndiyo maana kiling'ang'ania, kimekaa nyumba isiyo yake!

Nimempigia muuzaji. Anasema mzigo ule ulikuwa na chupa nne, na tatu alizichukua mama mmoja wa Kirumba ili awekee asali. Ameahidi kunitafutia namba yake ya simu.