Insha ya uchaguzi: shika swali moja

Insha nyingi za wanafunzi kuhusu uchaguzi huangushwa na kichwa kabla hata ya Kiswahili kuangaliwa. "Umuhimu wa uchaguzi" hakina pa kushika. Mwandishi anamaliza ukurasa mzima akieleza demokrasia ni nini, na msomaji amechoka.

Kwa mwanafunzi wa Arusha, suala la mgombea binafsi, yaani asiye na chama, liko mlangoni, maana Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoliamua, iko hapa hapa mjini. Fungua hivi: "Mkazi wa Sombetini asiye na kadi ya chama anaweza kupiga kura, lakini hawezi kupigiwa." Hapo umeshasema jambo.

Baada ya hapo nenda kwenye Katiba yenyewe, usitegemee ya kusikia: Ibara ya 39 kwa urais, ya 67 kwa ubunge. Zote zinadai mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Kisha fuata kesi za Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa aliyedai haki ya mgombea binafsi mahakamani, kwa mpangilio wa miaka. Oktoba 1994 Mahakama Kuu ilimkubali mgombea binafsi. Desemba Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba yaliyofunga mlango huo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema uamuzi ni wa Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikaamua kuwa katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Ukipewa maneno 800, historia hii isizidi 250. Tenga 200 kwa hoja ya upande wa pili: kwamba chama humchuja mgombea na kuzuia kampeni za kabila au dini. Iandike kwa nguvu kama unaiamini, ndipo uijibu. Wengi huiruka sehemu hii, na hapo ndipo insha hugeuka hotuba ya jukwaani.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kuchanganya wasimamizi. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi husimamia uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani. Ule wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Umri nao: kupiga kura ni miaka 18, kugombea ubunge 21.

Mwisho mpe mwenzako aisome kwa sauti. Anapokata pumzi katikati ya sentensi, igawe mara mbili.