Nilivyochagua mahali pa kusomea dini nikiwa kiziwi

Nilipomaliza kidato cha nne katika shule ya viziwi huku magharibi mwa Kenya, nyumbani kwetu Mumias hakuna aliyekuwa na shaka kwamba nitasoma dini. Babu alikuwa mwalimu wa madrasa. Suala lilikuwa nisomee wapi.

Mjomba alitaka Madina. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha huko, kilichoanzishwa 1961, hutoa ufadhili kwa wageni, na kijana akirudi na shahada yake watu humsikiliza. Mimi nilikuwa nawaza nani atasimama kati yangu na mwalimu. Masomo ni kwa Kiarabu, na mkalimani wa huko, hata akipatikana, atatumia ishara za Saudia. Lugha ya ishara si moja duniani. Ningelazimika kujifunza lugha mbili, moja ya kitabu na moja ya mikono, kabla hata sijaigusa fiqhi, yaani sheria za dini. Khartoum ya Sudan nayo, ambako Wakenya wengi wamesomea, ilikuwa imeingia vitani tangu Aprili 2023.

Mbale ilinivutia zaidi. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kipo tangu 1988, kinafundisha kwa Kiingereza, na kwetu ni karibu: unavuka Malaba, unapita Tororo, umefika. Katiba ya Uganda ya 1995 imeitaja lugha ya ishara, kama yetu ya 2010 ilivyoitaja ya Kenya. Nilivuka kwenda kuonana na viziwi wa upande ule. Habari za nyumbani na bei ya chakula tulielewana vizuri. Tulipofika kwenye talaka na eda, ule muda mwanamke anaosubiri kabla ya kuolewa tena, tukakwama, kila mmoja akitafuta kalamu.

Chuo kimoja cha pwani kilinijibu kwa WhatsApp: "Njoo tu, tutaona ukifika." Naamini walinikaribisha kwa moyo safi. Lakini kiziwi akiambiwa hivyo, ajue atakaa miaka yote akinakili daftari la jirani. Nilikuwa nimewauliza mkalimani ni nani, analipwa na nani, na siku asipofika darasa linaendaje. Mahali palipowahi kusomesha kiziwi, maswali hayo hujibiwa papo hapo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sijaona likisemwa waziwazi. Madrasa zetu huanzia kwenye sauti: makhraji (mahali herufi inapotokea kinywani), tajwidi (kanuni za kusoma Kurani), kuhifadhi kwa kufuatisha mdomo wa ustadhi. Ukipimwa kwa sauti peke yake, utaonekana huna akili ya dini. Mimi nilipoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, nikiwa tayari nazungumza, kwa hiyo kisomo cha swala ninacho mdomoni. Wenzangu waliozaliwa viziwi hawana hata hicho, na inaniuma sana kuona wakirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Fiqhi, sira ya Mtume, tafsiri ya Kurani na nahau ya Kiarabu ni elimu za macho pia. Fat-ha na kasra, alama za irabu, zimeandikwa, zinaonekana. Nikaamua nitafute mahali pa fiqhi, si pa hifdhi, yaani kuhifadhi Kurani.

Mwishowe nilitenganisha shahada na darasa la dini. Shahada nikaichukulia katika chuo kikuu cha serikali cha huku huku magharibi, kilichozoea wanafunzi viziwi na chenye wakalimani wa ishara zetu za Kenya. Nasomea ualimu, na nia yangu ni kufundisha somo la dini ya Kiislamu, IRE, katika shule za viziwi. Fiqhi ya madhehebu ya Shafii naisoma kwa sheikh mmoja Kisumu, wikendi, katika chumba cha madrasa.

Mama alimwendea sheikh kwanza, nami nikamfuata na swali langu limeandikwa kwenye karatasi: je, elimu ya kiziwi inakubalika? Alinijibu kwa kuandika pia. Akanikumbusha kanuni ya wanazuoni kwamba ishara ya bubu inayoeleweka ni kama tamko la ulimi, na kwamba kwayo bubu huuza, hununua na huoa. "Basi na kusoma vilevile," akaandika. Mama alilia. Mimi niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni.

Mkalimani wetu ni Mkristo, mikono yake ilikomaa kanisani, kama wakalimani wengi ninaowajua. Ishara anazijua, ila tayammum (kutawadha kwa udongo) au qiyasi (kupata hukumu kwa kulinganisha) hajawahi kukutana nazo. Kwa hiyo sheikh humtumia kurasa za somo siku moja kabla, naye hukutana na sisi viziwi mapema tukubaliane ishara za siku hiyo. Hatukai kwa safu. Tunakaa duara, taa ikimulika mikono ya mkalimani na si migongo yetu, na sheikh hangojei mwisho ndipo aulize nani hakuelewa; husimama kila mlango mdogo wa kitabu. Umeme ukikatika, tunawasha tochi za simu.

Sasa tumeingia mirathi. Nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi: sheikh huziandika ubaoni, anachora familia ya marehemu, na sisi tunagawa. Wanafunzi wanaosikia wameanza kuja kukaa upande wetu, maana hesabu inaonekana vizuri zaidi kutoka hapa.