Mgonjwa hana malalamiko

Sentensi hiyo huandikwa kwenye mafaili kila siku, na kwa mtu mwenye afasia, yaani aliyepoteza lugha kwa kuumia ubongo, haina maana yoyote. Kulalamika kunataka maneno. Aliyepigwa na kiharusi akapoteza lugha hawezi kueleza kwamba usiku halali, kwamba anaona bora asingeamka, kwamba nyumbani wanamjibia hata maswali anayoyaweza. Akinyamaza tunaandika ametulia. Akigeukia ukutani wakati wa mazoezi tunaandika hatoi ushirikiano. Jioni hii nataka nilitafakari hili kwa kalamu, kwa sababu nazidi kuamini kwamba hali ya moyo wa mteja imo ndani ya kazi yetu wenyewe, na mara nyingi sisi wa tiba ya usemi ndio pekee wenye ujuzi wa kumuuliza.

Karibu theluthi moja ya wanaopata kiharusi hupata afasia, na karibu theluthi moja hupata sonona baadaye. Wenye afasia wako kwenye hatari kubwa zaidi. Halafu tazama dodoso la kawaida la sonona: "Katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na kukosa hamu ya kufanya mambo?" Sentensi moja hiyo ina muda, ina idadi, ina hisia, ina ukanushaji. Mwenye afasia ya wastani ameshapotea njiani kabla haijaisha. Basi dodoso linawekwa pembeni, na yule mwenye hatari kubwa ndiye asiyeulizwa.

Kumuuliza inawezekana, ila kuna utaratibu, na wengi huruka hatua ya kwanza: kuhakikisha kwamba "ndiyo" yake ni ndiyo. Andaa maswali 8 ambayo majibu yake unayajua: uko hospitalini? huu ni usiku? wewe ni mwanamke? Manne yawe ya ndiyo, manne ya hapana, yamechanganywa bila mpangilio. Anayetikisa kichwa kukubali kila kitu atapata 4 kati ya 8, sawa na kurusha sarafu, na muulizaji mwenye haraka ataondoka akiamini wameelewana. Akishindwa kwa mdomo, jaribu tena kwa kumwonyesha kadi mbili, moja ya alama ya vema (✓) na nyingine ya mkasi (X). Wapo wanaosema "hapana" huku kidole kikigusa kadi ya vema, na kwa kawaida kidole ndicho hupatia. Usijue kwa kubahatisha: rudia maswali uone kipi ni cha kuaminika kwa mtu huyu.

Baada ya hapo chukua karatasi nyeupe na kalamu ya wino mzito. Andika neno moja moja kwa herufi kubwa, ukilisoma polepole: HUZUNI, HOFU, HASIRA, UCHOVU, na mwisho lazima pawe na KINGINE. Ukikosa hilo la mwisho umemlazimisha achague kati ya mawazo yako wewe. Maneno yapangwe kutoka juu kwenda chini, si kutoka kushoto kwenda kulia. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, ambacho ndicho huleta afasia kwa walio wengi, huweza pia kuondoa uwezo wa kuona upande wa kulia. Ukipanga kwa mstari, neno la mwisho huenda hajaliona kabisa. Kisha nyamaza. Hesabu mpaka 10 moyoni kabla ya kurudia swali, na ukirudia lirudie kwa maneno yaleyale. Kulibadilisha swali ni kumpa kazi mpya ya kuelewa wakati ile ya kwanza hajaimaliza.

Akigusa HUZUNI, hujamaliza. Badilisha mpangilio wa maneno, uliza tena. Halafu uliza kinyume: "Kwa hiyo leo una furaha?" Akikataa, umethibitisha. Ndipo uende kwenye kiasi, kwa mstari wa wima, juu kabisa "sana," chini kabisa "hakuna." Haya yote huchukua dakika 10 hadi 15 kwa mtu mwenye afasia nzito. Ndiyo, ni nusu ya kipindi katika kliniki nyingi. Sidhani kuna zoezi la kutaja picha linaloweza kudai nafasi hiyo kabla yake.

Kuna mtego mmoja hapa. Machozi baada ya kiharusi si lazima yawe ya huzuni. Wapo ambao jeraha la ubongo limelegeza breki ya kilio au kicheko: anaanza ghafla, kwa kitu kidogo, kinapita ndani ya muda mfupi, na mwenyewe anaona aibu kuliko uchungu. Tofauti huipati kwa kutazama tu. Subiri kitulie, andika HUZUNI na MACHOZI YAMEKUJA TU, mwache aguse. Wengi nyuso zao hulegea wanapoona kwamba kuna mtu anayejua kuwa jambo hilo lipo. Matibabu yake yapo, na si yaleyale ya kumfariji aliyefiwa.

Pale ambapo hata karatasi haisaidii, anaulizwa anayekaa naye. Lipo dodoso liitwalo SADQ, lenye toleo fupi la maswali 10, ambalo huuliza yanayoonekana: analia? anaepuka kutazamana? analala vizuri? anakaa tu bila kufanya kitu? anakataa kujumuika na watu? Ni zuri, lakini usiliamini peke yake. Usingizi huharibiwa na wodi yenyewe, na kukataa kujumuika kunaweza kuwa uchovu au kuogopa kuongea mbele ya watu. Pia mlezi aliyechoka huona sonona nyingi zaidi, wakati mwingine yake mwenyewe.

Na swali la kujidhuru? Liulizwe wazi, kwa neno kamili, kwa njia zilezile za karatasi na kidole. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kinachoharibu ni kuzungukazunguka kwa lugha ya mafumbo mbele ya mtu ambaye mafumbo ndiyo kwanza yanampita. Akikubali, usiahidi siri, usimwache peke yake, mkabidhi siku hiyohiyo kwa mtu mwenye jina: daktari fulani, muuguzi fulani, mwanasaikolojia fulani. Andika alichosema kama alivyosema, pamoja na ishara aliyofanya. Kisha mwambie huyo unayemkabidhi namna ya kuongea naye, na umpe zile kadi. Rufaa isiyoandamana na njia ya mawasiliano huishia kwa mwanasaikolojia kurudisha jibu kwamba "mahojiano hayakuwezekana."

Upande wa kumeza, ambao pia ni kazi yetu sisi wa tiba ya usemi, nao una ukimya wake. Kuna kupaliwa kimyakimya, ambako majimaji huingia njia ya hewa bila kikohozi, hivyo kutokohoa si cheti cha usalama. Hilo tunalijua wote. Ninalotaka kuliandika ni lile agizo la vinywaji vizito, yaani vilivyokolezwa kwa unga maalumu, ambalo humgusa mtu kila anaposhika kikombe kwa siku nzima, na sisi tunaliandika kwa mstari mmoja. Kukoleza hupunguza majimaji yanayopotea njia, na kwenye eksirei ya kumeza utaliona hilo waziwazi. Lakini ushahidi kwamba kunazuia homa ya mapafu ni dhaifu. Wakati huohuo watu hunywa kidogo, kiu haikatiki, mwili unakauka, choo kinafunga. Utafiti wa Susan Langmore na wenzake wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba ugumu wa kumeza peke yake kwa kawaida hautoshi kuleta homa ya mapafu. Waliokuwa hatarini zaidi ni pamoja na wale wanaolishwa na mtu mwingine, wanaotegemea mtu kuwasafisha kinywa, na wenye meno mengi yaliyooza. Mswaki, kwa maneno mengine, unastahili nafasi kwenye mpango wetu kabla ya kopo la unga.

Kama kukoleza kumeamuliwa, basi kupimwe. Kwa mfumo wa IDDSI, ule wa kimataifa wa kupanga viwango vya uzito wa vinywaji, chukua bomba la ml 10 lisilo na sindano, hakikisha mstari wake wa 0 hadi 10 una urefu wa mm 61.5 kwa kuwa mabomba hayafanani, ziba mdomo wake kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Kikibaki kati ya ml 1 na 4 ni kiwango cha 1, kati ya 4 na 8 ni cha 2, zaidi ya 8 huku kikiendelea kutiririka ni cha 3. Kisipotiririka kabisa, pima kwa uma na kijiko. Pima wakati wa kunywa, si wakati wa kukoroga: vikolezo vya wanga huendelea kuwa vizito vinavyokaa, kisha mate yakirudi ndani ya kikombe huanza kuvivunja na kinywaji kinakuwa chepesi tena. Na muulize muuguzi kuhusu dawa ya kulainisha choo. Ile yenye polietilini glaikoli ikichanganywa na kikolezo cha wanga hugeuka majimaji, yaani mgonjwa tuliyemnyima maji anapewa maji na dawa yake.

Mtu mwenye uwezo wa kuamua akikataa vinywaji hivyo, tusimwandikie kwamba amekataa tiba tukafunga faili. Mazungumzo yanaendelea: anaelewa nini kuhusu hatari, anathamini nini zaidi, tupunguzeje hatari ndani ya uamuzi wake. Kuna utaratibu unaoruhusu maji matupu kwa baadhi ya wagonjwa, kati ya mlo na mlo, angalau dakika 30 baada ya kula na kinywa kikiwa kimesafishwa. Hauruhusu maji pamoja na chakula wala vidonge. Hauwafai wote, na asiyeweza kukaa wima au mwenye kifua kilichoshaathirika hastahili kujaribiwa hivihivi. Lakini kwa anayefaa, glasi moja ya maji baridi humrudishia kitu ambacho hakuna kipimo chetu kinakiona.

Vipimo vinavyodanganya kwa kuonekana vizuri vimejaa zaidi kwenye kigugumizi. Takriban watoto 5 kati ya 100 hupitia kigugumizi, wengi wakakivuka. Kwa watu wazima ni karibu 1 kati ya 100. Kwa desturi tunahesabu silabi zilizokwama kati ya silabi zote. Mtu mzima anaweza kupata asilimia 1 kwa sababu tu amekuwa hodari wa kukwepa: anabadilisha maneno, anaagiza asichokitaka kwa kuwa hicho kinatamkika, anasingizia kusahau, anamwachia mwenzake apige simu. Jina lake mwenyewe halina kisawe, ndiyo maana wengi hukwama hapohapo. Muombe akutajie sehemu tatu asizokwenda tena, maneno matano asiyoyatumia, na mara ya mwisho alipotaka kusema jambo mkutanoni akanyamaza. Majibu hayo ndiyo malengo ya tiba. Kujitambulisha mapema husaidia wengi: "Nina kigugumizi, nitakwama mara moja moja, nipe muda tu." Bila samahani. Neno la kuomba radhi humfanya msikilizaji amhurumie, na yeye mwenyewe aanze mazungumzo akiwa na deni. Mazoezi yaanzie mahali pa ugumu wa kati: kwanza akadirie hofu yake kutoka 0 hadi 10, aende, kisha aandike ilikuwaje kweli. Anayefundishwa kulainisha usemi kliniki tu, bila kutolewa nje, hurudi akiwa laini kwenye kiti chetu na bubu kwenye foleni.

Kwa watoto wanaotumia kifaa cha mawasiliano, kile cha kugusa vitufe badala ya kuongea, nitasema moja tu: kifaa kisiwekwe mkobani kama adhabu wala kisitolewe kama zawadi. Na kisijae maneno ya kuomba vitu tu. Mtoto asiye na kitufe cha "sitaki," "naumwa" na "niache" atasema hayo kwa kung'ata.

Nimalizie na kufunga tiba, kwa sababu hapo ndipo tunapoteza wengi. Kipindi cha mwisho mara nyingi hutangazwa wiki hiyohiyo, bajeti au nafasi ikiwa imeisha, na kwa mtu ambaye mazungumzo yake marefu ya wiki yalikuwa na sisi, huo ni msiba mwingine. Tarehe itajwe mwanzoni mwa tiba na ikumbushwe. Vipindi viachane taratibu, kutoka kila wiki hadi kila baada ya wiki 2, kisha mwezi. Ndani ya muda huo mtu mmoja wa nyumbani afundishwe kazi ya karatasi na kalamu, kwa kuifanya mbele yetu na si kwa kupewa kipeperushi. Mteja aondoke na ukurasa mmoja: yanayonisaidia kuongea, dalili kwamba nazidiwa, wa kumtafuta. Namba ya simu peke yake haimfai asiyeweza kuongea kwenye simu. Muwekeeni ujumbe ulioandikwa tayari, wa kugusa na kutuma, mkubaliane nani ataujibu na ndani ya saa ngapi, kisha autume mara moja mkiwa bado mmekaa pamoja muone kama unafika.