Macho ya wacheza bao

Kuna wanafalsafa wanaosema kwamba ili nimwelewe mwenzangu, lazima kwanza nikisie yaliyomo kichwani mwake. Mwanafalsafa mwenzao, Shaun Gallagher, anabisha. Kwake yeye, mara nyingi hatukisii chochote. Tunaelewana katika kule kushughulika pamoja, kwa macho, mikono na sauti. Mie niko upande wake, na ushahidi wangu ni bao la Mkunguni, pale mbele ya Ngome ya Lamu.

Jana alasiri mzee mmoja alikuwa ameshika kete, bado wako kwenye namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kete za mkononi zikitiwa baoni moja moja. Jicho lake likaenda mara moja tu kwenye nyumba ya mpinzani, yaani shimo lake kuu baoni, likarudi. Kabla hajatia kete, sote tuliozunguka bao tulikuwa tunatazama shimo lile lile, na mpinzani anacheka: "Ushaiona, ee?"

Mwaka 1975 wanasaikolojia Michael Scaife na Jerome Bruner walionyesha kuwa hata watoto wachanga hugeuza kichwa kufuata anakotazama mtu mzima. Wakikaribia mwaka mmoja huanza kuonyesha kwa kidole, si kuomba tu, bali ili nawe uone. Mpwa wangu yuko hapo sasa: kila punda apitaye lazima nimtazame, nisipotazama hanyamazi!

Kinachonikera ni simu. Aliyeinamia skrini hafuati macho ya mtu. Jamaa aliyekaa kando yangu aliikosa mbinu yote, akauliza, "Mwacheka nini?" Tukamweleza kirefu, wala hakucheka.